Polisi, Mlango na Simu: Habari za Hati ya Upekuzi

Somo letu la leo ni la historia, nalo lahusu kitu ambacho wengi wenu mnacho mfukoni sasa hivi, yaani simu. Askari polisi akimkamata mtu, je, ana haki ya kuifungua simu yake na kusoma yaliyomo? Huko Marekani swali hili lilijibiwa mwaka 2014, lakini asili ya jibu lenyewe ni kesi ya Uingereza ya zaidi ya miaka 250 iliyopita. Basi tuanzie huko.

Mwezi wa Novemba 1762, watumishi wanne wa mfalme waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwandishi mmoja, jina lake John Entick. Serikali ilikuwa imechukizwa na gazeti alilokuwa akiliandikia. Kwa muda wa saa nne walivunja makufuli, wakafungua masanduku, wakasoma karatasi zake za siri, kisha wakachukua vitabu na vijarida wakaenda zao. Walikuwa na hati mkononi, tena imetolewa na waziri. Entick hakunyamaza, aliwashitaki. Mwaka 1765 jaji Lord Camden aliamua kwamba waziri hakuwa na uwezo wa kutoa hati ya namna ile, maana hapakuwa na sheria yo yote iliyompa uwezo huo. Basi wale watu walihesabiwa kuwa wameingia nyumba ya mtu bila haki, na fidia ilikuwa pauni 300. Siku hizo hizo fedha hiyo haikuwa kidogo.

Wakati ule Uingereza ilikuwa bado inatawala Marekani, na huko maofisa wa forodha walikuwa na hati mbaya zaidi. Hati zao hazikutaja nyumba, wala mtu, wala kitu kinachotafutwa. Ofisa aliweza kuingia kwa fulani leo na kwa jirani yake kesho, kwa karatasi ile ile. Mwaka 1761 mwanasheria James Otis alizipinga mbele ya korti ya Boston, akashindwa. Lakini wananchi hawakusahau. Walipokwisha kujitawala waliandika katika Katiba yao, katika Marekebisho ya Nne ya mwaka 1791, kwamba hati ya upekuzi haitatolewa ila kwa sababu ya kutosha na kwa kiapo, na sharti itaje mahali pa kupekuliwa na vitu vya kuchukuliwa.

Hayo yalitosha maadamu siri za mtu zilikaa ndani ya nyumba. Taabu ilianza zilipopita katika waya.

Katika miaka ya 1920 pombe ilikuwa imepigwa marufuku Marekani. Katika mji wa Seattle alikuwako mtu aitwaye Roy Olmstead, zamani ofisa wa polisi, ambaye sasa aliiingiza pombe kwa magendo na kuiuza. Biashara yake ilikuwa kubwa, ikiajiri watu wasiopungua 50. Wapelelezi wa serikali hawakuingia nyumbani kwake. Walizishika nyaya za simu nje barabarani, na katika chumba cha chini cha jumba la maofisi, wakasikiliza kwa miezi mingi. Maneno waliyoyaandika yalijaza kurasa 775. Hati hawakuwa nayo, na kwa sheria ya jimbo lile la Washington kusikiliza simu za watu kulikuwa kosa.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1928. Majaji watano kati ya tisa walisema hakuna kosa: hapakuvunjwa mlango, hapakuchukuliwa kitu, watu wamesikiliza tu. Jaji Louis Brandeis alikataa. Alionyesha kwamba anayesikiliza simu humpeleleza mtu wa upande huu na wa upande wa pili pia. Fikirini hapo: mke wa mtuhumiwa, daktari wake, hata muuza maziwa, wote wameingia katika kurasa zile. Tena alionya kwamba sayansi siku moja itaiwezesha serikali kuzionyesha kortini karatasi za mtu bila kuzitoa katika mtoto wa meza. Aliyasema hayo kabla ya kompyuta kujulikana.

Ilipita miaka 39 kabla ya Mahakama kuigeuza hukumu hiyo. Mwaka 1967 ililetwa kesi ya Katz, mcheza kamari aliyetumia kibanda cha simu mjini Los Angeles. Wapelelezi wa FBI walikuwa wameweka chombo cha kunasa sauti nje ya kibanda. Safari hii Mahakama ilisema kwamba Katiba yamlinda mtu mwenyewe, si kuta peke yake. Aliyefunga mlango wa kibanda na kulipia simu yake ana haki ya kutegemea kwamba hasikilizwi.

Mtaona kwamba watu wa kesi hizi si watakatifu. Mmoja aliuza magendo, mwingine alicheza kamari. Ndivyo ilivyo mara nyingi: asiye na kesi hajui kama karatasi zake zimesomwa.

Sasa turudi kwenye simu ya mfukoni. Mwaka 1973 Mahakama ile ile iliruhusu polisi waliomkamata mtu kufungua pakiti ya sigara iliyokuwa mfukoni mwake. Polisi wakasema, basi simu nayo ni kama pakiti. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley, majaji wote tisa walikataa. Mfuko hupekuliwa ili askari asidhuriwe na silaha, na ushahidi usiharibiwe. Lakini picha na barua zilizomo katika simu haziwezi kumchoma askari kisu. Tena simu moja hubeba mambo mengi kuliko nyumba nzima. Hawakusema isifunguliwe kamwe. Walisema, pasipo na dharura, nendeni kwanza mkapate hati.

Lakini kampuni ya simu nayo hujua mteja wake yuko wapi. Katika kesi ya Carpenter, polisi waliokuwa wakichunguza wizi wa madukani walipata kwa kampuni habari za siku 127, mahali 12,898 alipokuwa mtu mmoja. Zamani, mwaka 1979, Mahakama ilikuwa imesema kwamba nambari mtu anazopiga amezitoa mwenyewe kwa kampuni, basi si siri tena. Mwaka 2018 majaji watano kwa wanne waliamua kwamba habari za mwendo wa mtu kwa siku nyingi namna hii zahitaji hati. Kura moja tu ndiyo iliyoamua.

Vikundi vinavyosikiliza pamoja, tafuteni Katiba ya nchi yenu. Kwa Tanzania someni ibara ya 16, kwa Kenya ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010. Zote mbili zataja mawasiliano ya mtu. Kisha mjadili: polisi wakileta hati inayotaja simu yako, lakini haitaji wanachokitafuta ndani yake, je, hati hiyo ina tofauti gani na ile ya maofisa wa forodha wa Boston?