Git na Nguo ya Kuazima
Ukiwa Mikumi mtandao ukakata, Git bado inakuhifadhia kila badiliko la programu yako. Ukifika Kilosa ukapata mtandao, unamtumia mwenzako. Kila nakala hubeba historia nzima, na hulipi kitu. Unajua ilianzaje?

Kuanzia 2002, Linus Torvalds na wenzake wengi wanaoandika Linux walitumia BitKeeper, mali ya kampuni ya BitMover, bure. Aprili 2005 kampuni ikaondoa ruhusa hiyo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo! Mwezi huohuo Torvalds akaanza kuandika Git, na ndani ya siku chache tu ikawa inatunza historia yake yenyewe.

Basi kikundi chenu kikipewa zana ya bure, ulizeni: nani anaigharamia, na akijitoa kesho, kazi yetu tunabaki nayo?