Karne Iliyokatwa: Kadi za Matundu na Marika ya Moi's Bridge

Wakongwe wa programu wakikutana, soga haichelewi kufika kwenye uhaba. IBM 1401, kompyuta ya biashara iliyotangazwa mwaka 1959, ilianza na kumbukumbu ya alama 1,400. Makala haya yasingeingia humo. Hata hivyo, mishahara ya kampuni nzima ilipita humo, kadi baada ya kadi.

Kadi yenyewe ilikuwa na safu 80, kila safu alama moja. Weka jina la mfanyakazi, nambari, idara, saa alizofanya kazi na kiwango cha malipo. Kisha tarehe ya kuzaliwa na ya kuajiriwa. Nafasi imekwisha. Basi 1934 ikawa 34. Tarehe mbili zikikatwa hivyo, safu nne zimeokolewa, na safu nne zinatosha kumwandika Juma.

Moi's Bridge, iliyokuwa Hoey's Bridge, iko Uasin Gishu inapopakana na Trans Nzoia. Watu wa huku walikuwa wameikata karne zamani, tena bila mashine. Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Yakiisha, takriban miaka mia imepita, na Kolongolo anarudi. Majirani zao Wanandi wana saba, yakiwemo Maina, Chumo, Sawe na Kipkoimet. Ukiyasikia majina hayo hutauliza kama watu hawa wamewahi kuishi pamoja.

Kwa hiyo jina Maina, kama 34, halitaji karne. Mwenye jina hilo anaweza kuwa mzee aliyeketi mbele yako au babu wa babu yake. Lakini Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka shufwa, na ndani ya rika kila msimu hupewa jina lake, aghalabu kwa tukio la wakati huo. Jina hilo likishindwa kukata shauri, mzee anakutazama usoni, anakuuliza baba yako ni nani, mambo yamekwisha.

Kompyuta haina wa kumuuliza. Ikisoma 00 baada ya 99, mkopo wa mwaka mmoja unageuka wa miaka 99 kinyumenyume. Mtaalamu wa kompyuta Bob Bemer alionya kuhusu hilo kwa maandishi tangu 1971.

Wakongwe hujitetea kwamba nafasi haikuwepo. Kwa 1959 nawakubalia. Kwa miaka ya themanini, siwakubalii: IBM PC XT ya 1983 ilikuja na diski ya megabaiti 10, na bado watu walinakili tarakimu mbili kwa mazoea. Mbukusu hakukata karne kwa kubanwa na nafasi. Alitaka jina la babu lirudi kwa kitukuu.

Dawa iliyotumiwa na wengi kabla ya 2000 inafanana mno na ya mzee: chora mpaka, useme 00 hadi 49 ni karne mpya, 50 hadi 99 ni ya zamani. Ila mpaka wa mzee husogea kila msimu wa jando. Wa programu umekaa pale ulipoandikwa, na mwandishi wake pengine ameshachukua pensheni.

Kuna mwingine unaokuja. Mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 itafikia kikomo tarehe 19 Januari 2038. Huo ni mwaka shufwa. Agosti yake, Bungoma kwa Wabukusu kuna jando.