Daka, Zidaka na Msomaji wa Al-Inkishafi

Utangulizi

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyafafanua mashairi ya kale kwa msaada wa kamusi na miswada. Njia hiyo imezaa matunda mengi, na makala haya hayakusudii kuibeza. Linalokusudiwa ni kuonyesha kwamba katika Al-Inkishafi, shairi linalonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, limo neno ambalo maana yake haikamiliki mpaka msomaji aijue nyumba ya mawe ya Lamu na Pate. Neno lenyewe ni madaka.

Rafu mbili za vitabu

Mshairi, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, aliuangalia mji wa Pate ulioanguka, akaufanya kuwa mawaidha kwa moyo wake. Mwaka 1915 shairi lilichapishwa pamoja na tafsiri ya W. E. Taylor ndani ya kitabu cha Stigand juu ya lahaja za Kiswahili. Mwaka 1939 likatolewa na William Hichens, na mwaka 1977 na James de Vere Allen.

Wakati huohuo vilikuwa vikiandikwa vitabu vya namna nyingine. Peter Garlake alitoa uchunguzi wake wa majengo ya kale ya pwani mwaka 1966, naye Usam Ghaidan akautolea mji wa Lamu kitabu mwaka 1975. Katika maktaba ya ng'ambo alikosomea mwandishi wa makala haya, ushairi ulikuwa ghorofa moja na ujenzi ghorofa nyingine, na aghalabu msomaji wa huku hakupanda kule. Allen ni miongoni mwa wachache waliozichanganya rafu hizo, kwani alipata kuwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, na aliandika juu ya nyumba kama alivyoandika juu ya shairi.

Mpango wa nyumba

Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uamuao upana wa chumba; kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, navyo hufuatana kimoja nyuma ya kingine. Mgeni hupokewa katika daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe pande mbili. Kisha huja tekani, ambayo humzuia mpita njia asione ndani, halafu kiwanda kilicho wazi juu, ambako mwanga huingilia. Baada ya kiwanda hufuata misana miwili, na mwisho chumba kiitwacho ndani. Kila hatua ya kuingia, sakafu huinuka kidogo, mwanga hupungua, na sitara huzidi.

Ni huko ndani ambako hupatikana ukuta wa zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyopambwa kwa nakshi za chokaa, ambamo vyombo vya kauri vilipangwa.

Neno na maana yake

Hapa ndipo ilipo tatizo la msomaji. Kwa umbo, kidaka ni daka dogo: uwazi uliochongwa ukutani, kama vile daka lilivyo uwazi mkubwa mbele ya nyumba. Mshairi hakutumia zidaka bali madaka, na anayelijua daka la mlangoni peke yake aweza kudhani kwamba ndege wanaotajwa katika ubeti ule wamefanya makao barazani. Jambo hilo lisingekuwa la ajabu. Ndege hutua barazani hata pa nyumba yenye wenyewe. Lakini mshairi ameyafungamanisha madaka hayo na sahani, na sahani zilikuwa ndani. Basi ikiwa ndege wa mwitu wamefika huko, boriti zimeoza, dari imeanguka, na mahali palipositiriwa kupita pote pamekuwa wazi mbele ya mbingu. Ubeti hausimulii ukiwa tu; wasimulia kuvunjika kwa sitara.

Yaweza kusemwa kwamba nyumba katika shairi hili ni mfano wa dunia inayopita, na kwamba mshairi hakuwa akichora ramani. Ni kweli. Hata hivyo, mfano hupata nguvu kutokana na kitu kinachofananishwa, na wasikilizaji wa kwanza walikijua kitu hicho kwa kulala na kuamka ndani yake.

Hitimisho

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mawe yake yana sheria ya kuyalinda. Maneno hayana. Nyumba kadhaa zimegeuzwa kuwa za kulaza watalii, na kilichoitwa msana sasa huitwa chumba cha wageni. Kuta zaweza kukarabatiwa huku majina ya sehemu zake yakisahauliwa. Idara zetu zingefanya vyema kuwatuma wanafunzi kwa waashi na kwa akina bibi wa Lamu, Pate na Siyu, wakayaandike majina hayo pamoja na matumizi yake. Pasipo hayo, kizazi kijacho kitarithi shairi lililohaririwa vizuri na lisiloeleweka.