Umeme Unaosukuma Maji: Safari ya Miaka Mia Mbili, Kutoka Mfinyanzi hadi Gegedu

Mwaka 1800 Mwitaliano Alessandro Volta alitangaza kifaa chake cha kutoa mkondo wa umeme usiokatika. Haukupita muda, wataalamu wa Ulaya wakawa wanaupitisha umeme huo katika kila kitu kilichowafikia mkononi. Mjini Moscow, profesa mzaliwa wa Ujerumani, Ferdinand Friedrich Reuss, aliupitisha kwenye udongo. Alisimamisha mirija miwili ya kioo katika mfinyanzi uliolowa, akatia maji, kisha akazamisha ncha za beteri. Katika mrija wa ncha hasi maji yalipanda. Katika ule wa ncha chanya, chembe za udongo zilipanda na kuyatibua maji. Taarifa aliyoiwasilisha mwaka 1807 ilichapishwa mwaka 1809. Kwa mara ya kwanza umeme ulionekana ukisukuma maji ndani ya udongo bila pampu wala mteremko.

Ilichukua karne nzima kulielewa jambo hilo. Mwaka 1852 Gustav Wiedemann alionyesha kuwa kiasi cha maji yanayovuka ukuta wenye vitundu hufuata nguvu ya mkondo wa umeme. Mwaka 1859 Georg Quincke aliligeuza jaribio: aliyalazimisha maji kwa shinikizo yapite kwenye ukuta kama huo, na umeme ukazaliwa. Basi njia ni moja, nayo hupitika pande zote mbili. Lars Onsager aliupa uhusiano wa namna hiyo msingi wa jumla mwaka 1931, na kwa kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1968.

Maelezo ya kiini chake yalitoka kwa Hermann von Helmholtz mwaka 1879, yakakamilishwa na Marian Smoluchowski mwaka 1903. Uso wa mfinyanzi unapogusa maji hubaki na chaji hasi zisizobanduka. Chaji hizo huvuta karibu nazo ayoni chanya zilizo majini. Umeme ukiwashwa, ukuta hauna pa kwenda, lakini ayoni hizo hukimbilia ncha hasi na kuyakokota maji. Hapo ndipo penye siri kubwa. Maji yanayosukumwa kwa shinikizo hupata taabu kadiri njia inavyokuwa nyembamba: upana wa mrija ukipungua kwa nusu, kinachopita ni sehemu moja tu ya 16. Kasi inayotokana na umeme haijali upana huo, mradi tundu libaki pana kuliko tabaka la ayoni.

Mhandisi Leo Casagrande aliiona faida yake. Mfinyanzi hushikilia maji hata pampu ikashindwa, lakini umeme huyatoa. Mwaka 1939 njia hiyo ilitumika huko Salzgitter, Ujerumani, kuimarisha kingo za mfereji uliochimbwa kupitisha reli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani waliitumia tena Trondheim, Norwe, penye maegesho ya nyambizi.

Wakati wahandisi wakikausha udongo, wanasayansi wengine walikuwa wameanza kutazama vitu laini zaidi. Torsten Teorell wa Sweden, na baada yake Kurt Meyer na Jean-François Sievers, katika miaka ya 1930 walieleza tando zenye chaji zilizofungwa ndani yake. Katika jeli yenye chaji kama hizo vitundu ni vidogo mno hata tabaka za ayoni hukutana, na chaji huwa zimeenea katika mwili wote wa jeli. Mwaka 1982 Toyoichi Tanaka na wenzake nchini Marekani waliripoti kuwa haidrojeli yenye chaji, ikiwa katika mchanganyiko wa maji na asetoni, husinyaa ghafla inapopitishiwa umeme mdogo.

Mwili wa binadamu una jeli yake. Gegedu linalofunika ncha za mifupa kwenye goti ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, nalo halina mishipa ya damu. Kati ya nyuzi zake zimejaa molekuli zenye chaji hasi, ambazo Alice Maroudas alizipima mjini London katika miaka ya 1960. Mtu anapokanyaga, maji husukumwa kati ya chaji hizo na umeme wa milivolti huzaliwa, sawasawa na alivyoonyesha Quincke. Nchini Marekani, Eliot Frank na Alan Grodzinsky walithibitisha mwaka 1987 kwamba hata kinyume chake hutokea: gegedu likipewa mkondo wa umeme hutoa mgandamizo. Kwa kuwa ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo huanza kwa kuzipoteza molekuli hizo, umeme unaofifia unaweza kuwa dalili ya mapema.

Ngozi nayo kwa kawaida hubeba chaji hasi. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha saa ya GlucoWatch, iliyovuta glukosi kupitia ngozi ya mkono bila sindano. Glukosi haina chaji, kwa hiyo umeme wenyewe hauivuti. Hubebwa na maji yanayokokotwa na ayoni. Saa hiyo iliwasha ngozi ya watumiaji wengi na haikudumu sokoni, lakini ilithibitisha kuwa njia ipo.

Kanuni ni ile ile katika udongo wa Moscow, katika kingo za reli na katika goti la mgonjwa: chaji zilizofungwa, ayoni zilizo huru, maji yanayofuata. Reuss hakuwa akitafuta dalili za ugonjwa wa viungo alipofanya jaribio lake. Wanaogawa fedha za utafiti katika vyuo vyetu walikumbuke hilo. Na walimu wa sayansi wasiokuwa na maabara wajue kuwa jaribio hili linahitaji mfinyanzi, mirija miwili, maji na beteri. Wanafunzi wapewe nafasi ya kulifanya kwa mikono yao.