Nani Hutunza Daraja? Historia Fupi ya Viunganishi vya Uoni wa Kompyuta katika Lugha za Programu za Kifanksheni

1. Utangulizi

Jina la Rusizi II, mpakani mwa Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hubeba vitu viwili: kivuko kinachounganisha wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, na mji wa Bukavu, na kituo cha umeme wa maji kilichoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo. Vyote viwili huibua swali moja: pande zenye sheria tofauti zikishaunganishwa, nani anakitunza kiungo?

Makala haya yanalifuatilia swali hilo katika uoni wa kompyuta, yaani uwezo wa mashine kutambua nyuso, namba za magari au majani yenye ugonjwa. Hoja yake ni kwamba historia ya viunganishi vya maktaba za uoni ni historia ya matunzo kuliko ya uvumbuzi.

2. Pande mbili zenye desturi tofauti

OpenCV, maktaba huria ya uoni inayotumika sana duniani, ilianzishwa katika kampuni ya Intel mwaka 1999, Gary Bradski akiongoza. Iliandikwa kwa lugha ya C, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2006. Ndani yake picha ni jedwali kubwa la namba, na fanksheni nyingi hulibadilisha jedwali hilo papo hapo. Aliyeandika programu ndiye aliyewajibika kuiachilia kumbukumbu ya mashine alipomaliza kazi.

Lugha za kifanksheni zina desturi nyingine. Mkondo wake ulianza na Lisp ya John McCarthy mwaka 1958. Iliyo kali zaidi kati ya zinazojulikana, Haskell ya mwaka 1990, hutaka fanksheni itoe jibu lilelile kila inapopewa kitu kilekile, bila kugusa chochote nje yake. Na kumbukumbu husafishwa na mfumo wa lugha yenyewe. Kwa hiyo kiunganishi si tafsiri ya majina tu. Ni msimbo unaoamua nani anaruhusiwa kuibadilisha picha, na ifutwe lini. Uamuzi huo ukikosewa, programu husoma kumbukumbu iliyokwisha kufutwa, au huijaza hadi mashine ikwame.

3. Njia mbili za kuunganisha

Viunganishi vya awali vya Haskell vilijengwa juu ya OpenCV ya lugha ya C, kwa kuwa kanuni za Haskell zinaeleza namna ya kuita C na si C++. Mwaka 2009 toleo la 2.0 lilihamia kwenye C++. Mwaka 2018 toleo la 4.0 likaondoa sehemu kubwa ya msimbo wa C. Viunganishi ambavyo havikufuata uhamaji huo vilibaki vikielekea ng'ambo isiyokuwapo tena.

Jibu moja lilitoka Uholanzi. Kampuni ya LumiGuide, inayotumia kamera kuonyesha nafasi zilizo wazi katika maegesho ya baiskeli, ilitoa kiunganishi kiitwacho haskell-opencv. Vipande vya C++ viliandikwa kwa mkono ndani ya Haskell. Ukubwa wa picha, idadi ya chaneli zake na aina ya namba zake viliweza kutajwa katika aina ya data, hivyo makosa mengi hunaswa kabla programu haijaanza kazi. Gharama yake ni kwamba kila fanksheni mpya huhitaji mkono wa mtu.

Jibu la pili ni evision, kiunganishi cha lugha za Elixir na Erlang. Sehemu kubwa ya msimbo wake huzalishwa na programu inayosoma maelezo ya OpenCV yenyewe, njia iliyokwisha kutumika kwa Python. Fanksheni nyingi hupatikana kwa kazi ndogo, lakini ulinzi hupungua: Erlang ilibuniwa Ericsson ili hitilafu ya sehemu moja isiuangushe mfumo mzima, ilhali msimbo wa C++ ulioingizwa ndani yake ukianguka, huanguka na mfumo wote.

4. Hitimisho

Njia ya kwanza hukagua kwa makini na kupitisha vichache. Ya pili hupitisha vingi na kukagua kidogo. Hakuna iliyo bora kwa kila kazi. Zote mbili hudumu kwa muda ule tu ambao mtu anaendelea kuzifuatilia kila maktaba inapobadilika. Rusizi II ilipata shirika la pamoja lenye jukumu linalojulikana. Viunganishi vingi hutegemea kampuni moja au mtu mmoja anayejitolea. Taasisi ya umma inayonunua mfumo wa uoni kwa ajili ya mpaka au shamba haina budi kuuliza, kabla ya kutia saini, mambo matatu: kiunganishi kilichomo kimejengwa kwa njia ipi, nani anakitunza, na bajeti ya matunzo hayo imeandikwa wapi katika mkataba.