Shinikizo katika Sanduku la Krenki
Ni kani ya hewa au gesi ikusanyikayo chini ya pistoni za kompresa, aghalabu kwa kupenya kando ya ringi zilizolika. Isipopata njia, husukuma oili ikapenya kwenye sili na kufuatana na hewa hadi tangini, hata fundi wa pancha wa Giakanja, karibu na Nyeri, akifungua mpira huona unyevu wa mafuta kiganjani. Kompresa ya hewa huponywa kwa kipumulio chenye vali ya njia moja, ambacho sharti kisafishwe, maana vumbi hukiziba.

Kompresa za gesi ya kupozea, mathalan za matangi ya kupoza maziwa, hazina ruhusa ya kupumulia nje. Gesi hurejeshwa upande wa kuvuta. Hapo baridi ya Nyeri, mji ulio mita zipatazo 1,750 juu ya bahari, ni hasimu: mashine ikizimwa usiku wa Julai, gesi huyeyuka ndani ya oili, na iwashwapo alfajiri shinikizo hushuka ghafla, oili ikatoka povu na kuvutwa silindani, beringi zikabaki kavu. Dawa yake ni hita ndogo ya umeme sandukuni, na kuizima usiku kwa kutaka kuokoa umeme ni hasara dhahiri.