Waliokula Chungu Kimoja na Mzee

Aprili 1959 Jomo Kenyatta alimaliza kifungo chake Lokitaung, lakini hakurudi kwake Gatundu. Serikali ya mkoloni ilimleta Lodwar, kando ya mto Turkwel, ikamwamuru akae hapo asitoke. Alikaa karibu miaka miwili, mpaka Aprili 1961 alipohamishiwa Maralal. Mkewe, Mama Ngina, alikuja kuishi naye, na Machi 1961 viongozi wa vyama vya KANU na KADU walifunga safari kuja kumwona huku huku kwenye jua letu. Nikifika sura hii darasani, hata wanaosinzia huinua vichwa. Vitabu vya historia ya Kenya huutaja mji wetu kwa nadra, na magazeti hutukumbuka kukiwa na njaa.

Nafundisha Historia na Serikali hapa Lodwar. Zamani nilifundisha Kakuma. Kila Siku ya Mashujaa ikikaribia huwapa wanafunzi insha yenye kichwa “Shujaa Wangu”. Sikukuu hiyo ya 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta mpaka Katiba ya 2010 ilipoibadilisha, kwa sababu ndiyo tarehe ya mwaka 1952 ambapo operesheni ya kumkamata yeye na wenzake ilianza. Basi si ajabu insha nyingi zimhusu yeye. Wengine huandika Mandela, na wavulana wa dawati la nyuma huniletea Messi. Kando ya kila insha huandika kwa wino mwekundu swali moja: Alikufanyia nini? Hapo ndipo kalamu nyingi hukwama.

Wao hudhani nawachokoza. Swali hilo lilinijia nikisoma habari za Lokitaung, huko kaskazini karibu na mpaka wa Ethiopia. Waliohukumiwa Kapenguria tarehe 8 Aprili 1953 walikuwa sita: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko. Oneko alishinda rufaa, ila hakuachiliwa, alizuiliwa kwingine. Watano waliobaki walitumikia kifungo chao Lokitaung, na baadaye akaongezwa Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyekuwa ameponea kitanzi. Wengine walivunja mawe juani. Kenyatta, kwa kuwa ndiye aliyewazidi wote umri, alipewa kazi ya jikoni. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa watu hawa walikula chakula kilichopikwa na mkono mmoja.

Na hawakuafikiana kuhusu mpishi. Itote alifundishwa naye Kiingereza mle gerezani, akatoka akiwa mwanafunzi wake na akabaki hivyo. Kaggia na wengine waligombana naye mpaka kundi likagawanyika. Baada ya uhuru Kaggia alikuwa waziri msaidizi, akaondoka serikalini mwaka 1964 kwa sababu hakutaka kunyamaza juu ya watu wasio na ardhi. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa hadhara Kandara, Kenyatta alimtaja mbele ya umati. Akawataja na wale waliofungwa pamoja: Ngei ana kahawa yake, Kubai ana nyumba kubwa, Karumba ana mabasi, kisha akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Kaggia alifariki mwaka 2005, na utajiri hakuwahi kuuona.

Huwasomesha kisa hiki polepole, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo sherehe za uwanjani haziwezi kulisema. Itote akisema Kenyatta ni shujaa wake, ana haki ya kusema, maana anaweza kukuonyesha alichopewa: lugha, herufi kwa herufi, katika chumba cha gereza. Kaggia akikataa, naye ana haki, kwa sababu alimjua mtu huyo akiwa jikoni na akiwa ikulu. Sisi tuliomjua kwenye sarafu tu tuna haki gani? Tunaweza kumheshimu, na mimi namheshimu. Ila kusema “wangu” ni neno la mwenye deni.

Yuko mwingine ninayemhesabu, ingawa chakula cha Lokitaung hakukionja. Juni 1958 Jaramogi Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba wale waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Wazungu walimzomea, na Waafrika wenzake barazani hawakumshukuru. Wakati ule jina la Kenyatta lilikuwa moto wa kuchoma mdomo. Odinga alilitaja, akaendelea kulitaja mpaka likawa jina la kugombea kura. Miaka kumi na moja baadaye, Oktoba 1969, Kenyatta huyo huyo alimweka Odinga kizuizini. Nikiulizwa ni nani nchini Kenya aliyelipa bei kamili ya kumwita mtu shujaa, namtaja Jaramogi, maana alilipa mara mbili.

Wangu mimi hana sanamu. Alikuwa rafiki ya baba, mtu wa malisho ya upande wa Kakuma, na kama desturi yetu Waturkana ilivyo, aliitwa kwa jina la ng'ombe wake dume aliyempenda. Ukame tunaouita Lopiar ulipofika, kati ya 1979 na 1981, mifugo iliisha kwa kiu na magonjwa, na mbuzi wa baba walikufa kwa ugonjwa wa mapafu mpaka zizi likabaki miiba. Familia nyingi zilihamia kambi za chakula. Huyu bwana alikuja kwetu asubuhi, mkono mmoja umeshika ekicholong chake, kile kigoda cha kukalia mchana na kulazia kichwa usiku, mkono mwingine ukivuta mbuzi mmoja aliyekuwa bado na maziwa. Hakuwa amebakiwa na wengi. Alikaa, akaomba tumbaku, akazungumza habari za mvua, akaondoka bila kumtaja mbuzi. Sikio la mbuzi yule lilikuwa na mkato wa alama yake. Watoto wa mbuzi huyo waliozaliwa baadaye baba aliwakata kwa alama yetu, lakini yule mama aliachwa na alama ya mwenyewe mpaka akafa kwa uzee. Mimi ni miongoni mwa waliokunywa maziwa yake.

Sasa nikuambie na mengine. Mtu huyu alikuwa mgomvi, na alidaiwa na nusu ya wenye maduka pale Kakuma. Begani alikuwa na safu za chale, na hazikuwa za urembo. Zilihesabu watu aliowaua katika uvamizi. Waliouawa walikuwa Wapokot, nao walikuwa na watoto. Nimelipima hilo mara nyingi. Bado ni shujaa wangu, na sitarajii Mpokot yeyote anikubalie.

Basi fikiria ilivyokuwa Kakuma, katika darasa lenye wakimbizi na wenyeji, msichana kutoka Sudan Kusini aliposimama kusoma insha yake kuhusu Tegla Loroupe. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliokuwa wametembea mpaka Ethiopia na kurudi, na mwaka 2016 wakimbiaji watano wa huko walikwenda Rio katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki. Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyebeba bendera. Tegla, mshindi wa New York Marathon mwaka 1994, ndiye aliyeiongoza timu hiyo. Lakini Tegla ni Mpokot. Mvulana wa Kiturkana akadakia, “Mwalimu, kwani Paul Ereng ameisha?” Darasa likacheka, maana Ereng ni wetu, na dhahabu yake ya mita 800 kule Seoul mwaka 1988 hakuna mtoto wa Turkana asiyeisikia.

Nilimuuliza msichana swali langu. Akajibu kuwa siku ya majaribio ya mbio ya Tegla pale kambini mwaka 2015 dada yake alikimbia bila viatu, kama wengi siku ile. Hakuchaguliwa. “Lakini tangu siku hiyo baba hamkatazi tena kutoka alfajiri kukimbia.” Nikampa alama za juu. Mvulana hakuridhika hata nilipomweleza kwamba tangu 2003 Tegla amekuwa akiwakimbiza morani wa Kipokot, wa Kiturkana na wa Kikaramojong katika mbio moja za amani. Simlaumu, mjomba wake hakufa kwa malaria.

Mwaka huu nimeongeza sharti kwenye insha. Kila mwanafunzi atafute mtu mwingine anayemjua shujaa wake kwa karibu, aniletee lawama moja ya kweli. Msichana mmoja wa kidato cha pili amenijia akilalamika kwamba bibi yake hana lawama hata moja. Nimemwambia aende akamuulize mke mwenza wa bibi.